Kivuli cha Ukuta Wangu

Mesori 12

Maji ya birika, lile lililochimbwa chini ya nyumba, yamekaribia kwisha. Kila nyumba ya Aleksandria imekaa juu ya birika lake, na Mesori, mwezi wa mwisho wa mwaka, kabla mafuriko ya mto hayajatufikia, kila nyumba hunywa tope lake. Leo Trifaina alishuka ngazi, akapandisha ndoo moja, akayachuja maji kwa kitani mara mbili, ndipo akakaa kunisomea.

Macho yangu hayaziwezi tena herufi ndogo. Binti yangu ndiye msomaji na mnakili wangu tangu mama yake afe. Tuko kwenye waraka mpya, *Kuhusu Kiapo*, dhidi ya yule mhadhiri wa Kiyunani anayewaambia vijana sokoni kwamba Myahudi huapa asubuhi na kukifungua kiapo chake jioni.

"Baba, umemtukana mama yake tena."

"Mama yake ndiye aliyetuletea balaa hili duniani."

"Hoja inasimama bila yule mama. Futa."

Nikafuta. Simwambii, lakini nyaraka zangu nzuri zimekuwa nzuri kwa yale aliyonifutisha.

Juu ya vichwa vyetu mumewe, Straton, alikuwa akitembea chumbani na kuhesabu mizani ya mashairi kwa kisigino. Asubuhi hufuma kitani, alasiri hutunga. Ameandika mchezo wa jukwaani kuhusu Yeftha, mwamuzi wetu wa zamani, aliyeweka nadhiri ya kumtoa sadaka yeyote atakayetoka kwanza nyumbani kumlaki, akatoka binti yake na matari. Watu wa Maandiko watavaa vinyago na kuimba kama Wayunani. Sijausoma. Sihitaji kula samaki aliyeoza ili nijue ameoza.

Mesori 13

Joto. Nimeandika vizuri.

Mesori 14, baada ya jua kuzama

Nyumba yetu ya Sala ni kubwa mno. Watu hukaa kwa kazi zao, wafua dhahabu huku, wafua shaba kule, wafumaji karibu na mlango wa kaskazini. Waandishi hawana benchi, kwa hiyo mimi hukaa na wauza mafunjo. Walio nyuma hawasikii kitu. Ndiyo maana mzee Yakubi husimama katikati kwenye jukwaa la mbao na kitambaa mkononi. Baraka inapokwisha hukipunga, na nyumba nzima huitika Amina.

Leo, baada ya somo, Straton alisimama kuwaalika watu kwenye mchezo wake, siku tano kutoka leo, katika ukumbi wa wafumaji. Nilisimama na mimi.

"Straton, utamvika Yeftha kinyago?"

"Ndiyo, baba mkwe. Bila kinyago watu wataniona mimi, na mimi wananidai."

Wakacheka. Wauza mafunjo nao, mabenchi yangu mwenyewe, wakacheka.

"Wayunani wanasema hatuna washairi," akaendelea kwa upole. Upole wake huniudhi kuliko matusi.

"Na wewe umeona uwaonyeshe kwamba tunao wabaya."

Hapo nao wakacheka, lakini haikunitosha. Nilinyanyua mkono nikasema kwa sauti ambayo imewanyamazisha wahadhiri: "Korbani! Kila chenye faida kitokacho kwangu kiwe wakfu wa Hekalu, kiwe haramu kwa yeyote wa nyumba yangu atakayekaa kuutazama mchezo huo."

Wakati huo huo Yakubi, ambaye alikuwa amekishika kitambaa juu tangu mwisho wa somo akingoja baraka, alichoka mkono. Kitambaa kikashuka. Nyuma yote ya Nyumba, watu wasiosikia kitu, wakaitika Amina. Sauti ilikuja kama mawe yanayomwagwa kutoka kwenye mkokoteni.

Kule juu, kwenye upande wa wanawake, nilimwona Trifaina. Yeye hakuitika.

Mesori 15

Yakubi alikuja kabla jua halijawa kali. Ana miaka inayotosha kunizaa.

"Mwanangu Sabataio, ule ulikuwa mkono wangu, haikuwa dua. Njoo kwa wazee watatu, useme umejuta, tukufungue nadhiri. Tutakunywa na divai kidogo."

"Baba Yakubi, ninaandika waraka mzima kwamba sisi hatufunguki. Niuache mezani nije kufunguliwa?"

"Basi uumalize, uje baadaye."

"Huyo Myunani atacheka mpaka apasuke."

"Mwache apasuke. Hata mimi nimepasuka mara nyingi, na bado natembea."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni.

Mesori 18

Waraka umekwisha. Sentensi bora ni hii: *Myunani hufunga neno lake kama mshipi, alilegeze akishiba, sisi neno letu ni mfupa.* Trifaina aliinakili bila kuinua kichwa.

"Kesho ni mchezo," alisema alipomaliza.

"Najua."

"Straton ameufuma huo miaka miwili, Baba. Nitakwenda."

"Ulinisikia nikiapa."

"Nilikusikia. Na wewe utanisikia nikirudi."

Mesori 19

Alirudi alasiri. Alisimama uani akaita: "Baba, nimekaa. Mstari wa mbele."

Mtungi wa maji aliyoyateka asubuhi ulikuwa bado umejaa kwenye kona ya jiko lao. Aliubeba mwenyewe, akashuka nao ngazi za birika. Nikasikia maji yakirudi chini, polepole, kama mtu anayemimina mafuta asimwage tone. Akapanda na mtungi mtupu, akaupindua jikoni kwangu ili nione kwamba ni mkavu.

Kwa kuwa birika ni langu, na nyumba, na paa, hata kunywa au kulala humo ni faida. Kabla ya jua kuzama Straton alikuwa ameshusha kitanda na sehemu za kitanda chake cha kufumia. Wamepanga chumba karibu na mfereji. Straton aliniaga. Mimi nilikuwa natafuta kalamu.

Mesori 24

Waraka umetoka. Wauza vitabu wanasema unakwenda.

Siku ya pili ya zile tano za nyongeza za mwisho wa mwaka

Sambatia, mpishi wangu, anaweka mezani mkate wa mtu mmoja. Sijamwambia afanye hivyo. Anaendelea kuniita Baba Trifaina, na kila akiita namtazama kama amenikanyaga.

Hakuna anayetembea juu. Nilidhani kisigino kile kilikuwa kinaniharibia kazi. Leo nimekaa mezani tangu asubuhi na sijaandika mstari.

Thothi 4

Mwaka mpya wa Wamisri. Maji yako njiani, na birika lazima lisafishwe kabla hayajaingia. Miaka yote Straton na Trifaina hushuka na mimi huelekeza kutoka juu. Leo tulishuka mimi na Sambatia, mwanamke wa miaka sitini na mwanaume mwenye goti bovu, tukakomba tope kwa makarai.

Chini ya tope tulikuta ndoo ya shaba. Ndiyo ile iliyopotea mwaka jana, ambayo nilisema mbele ya wageni kwamba Straton ameiuza ili anunue wino.

"Hii si ile?" akauliza Sambatia.

"Komba," nikasema.

"Nakomba, Baba Trifaina. Mdomo nao unakomba."

Thothi 9

Maji yameingia. Nililala chini sakafuni, sikio kwenye jiwe, nikasikiliza. Kwanza ni mnong'ono upande wa mfereji, halafu birika linajaa kooni mwa nyumba, halafu halisikiki tena, unajua tu kwamba limejaa. Trifaina alipokuwa mdogo tulikuwa tukilala sakafuni namna hii sote watatu, na mama yake alikuwa akisema nyumba inakunywa.

Ninayo maji ya mwaka mzima na mtu mmoja wa kuyanywa. Wao wananunua kwa wachukuzi wa maji.

Thothi 12

Nilikwenda kwa Theoni kinyozi anipunguze nywele. Ni Myunani, ni mbeya, na siku hizi ni mtu pekee anayeniuliza habari zangu.

"Mwalimu, nimeutazama mchezo wa mkwe wako. Wameurudia mara mbili. Nililia."

"Wewe hulia hata mbwa akikojoa."

"Hulia akinikojolea mimi. Sikiliza." Akaegemeza mkasi begani mwangu. "Yule binti anamwambia baba yake: mlango wa makuhani uko wazi, na viatu umevaa, nenda wakufungue. Sasa yule mzee anajibu nini? Mwamuzi haendi kwa kuhani, kuhani na aje kwa mwamuzi. Na kuhani naye huko aliko anasema vivyo hivyo. Basi msichana anakufa katikati ya wanaume wawili waliokaa."

"Maneno hayo hayamo kwenye Maandiko."

"Mimi sijui kilichomo. Najua jirani yangu mmoja tu wa aina hiyo." Akaendelea kukata, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Usitikise kichwa, mwalimu, nitakukata sikio, na watu watasema ni chuki ya dini."

Thothi 16

Sokoni mtu nisiyemjua alinikumbatia. Mnene, ananuka samaki wa chumvi.

"Wewe ndiye Sabataio? Uliyemtoa binti yako nyumbani kwa ajili ya neno lako? Mungu akuzidishie. Waraka wako nimesomewa mara tatu. Mfupa!" Akajipiga kifuani. "Mfupa!"

Nilimshukuru. Nimetafuta sifa kama hiyo miaka ishirini, na ilipokuja ilikuwa na mikono yenye mafuta. Nilinunua tini nikazisahau dukani.

Thothi 19

Nimejaribu kujibu kitabu kingine cha yule mhadhiri. Nimemtukana mama yake. Hakuna wa kuniambia nifute. Nimeuacha waraka.

Thothi 24

Homa. Jana tarumbeta za mwezi wetu wa saba zilipigwa na nilizisikia kitandani. Yakubi alituma salamu. Sambatia ananipaka siki kwenye paji la uso na kunung'unika.

Thothi 26

Trifaina alikuja. Sambatia ndiye aliyempelekea habari, na hajakanusha.

Hakuingia. Alisimama nje barabarani na chungu cha dengu, nami nikajikokota hadi mlangoni nikiwa nimejifunga blanketi. Mlango wangu unatazama mashariki, na mchana unapopita ukuta hutupa kivuli kipana barabarani, na yeye alikuwa amesimama nje ya kivuli hicho, hatua moja tu, kwenye jua ambalo lingechoma mkate.

"Sogea kivulini, mwanangu. Utaanguka."

"Kivuli cha ukuta wako ni chako, Baba."

"Hakuna mzee hata mmoja wa kuhesabu kivuli kuwa faida."

"Wewe ungehesabu. Kama angekuwa mtu mwingine, ungeandika waraka."

Ni kweli. Ningeandika, na ungekuwa mzuri.

Akaweka chungu chini kwenye mpaka wa kivuli, akakisukuma kwangu kwa ncha ya kidole. "Wewe hukukatazwa vyangu. Kula kingali moto. Nimetia bizari nyembamba." Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni.

"Straton yuko?"

"Yuko. Anakuulizia. Wataonyesha mara ya mwisho siku moja kabla ya sikukuu ya Vibanda."

Nilitaka kumwambia kuhusu ndoo. Nikasema, "Bizari nyembamba ni nzuri kwa homa." Akanitazama kidogo, akaenda. Nilikula nimesimama pale pale mlangoni. Alitia chumvi nyingi, kama mama yake.

Faofi 2, baada ya jua kuzama

Siku ya Kufunga. Watu wote mji mzima wa kwetu, hata wasiofunga kitu kingine, wamefunga. Nilisimama tangu asubuhi kati ya wauza mafunjo. Dhambi zangu kwa Mungu nilizitaja bila taabu, ni msikilizaji mwenye adabu. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba siku hii haifuti kosa alilomtendea mtu, mpaka kwanza amwendee mtu huyo.

Yakubi alipunga kitambaa mara nyingi leo. Safari hii alikuwa na kijana wa kumshika kiwiko.

Faofi 3

Nilitoka kwenda kwa wazee watatu. Nilifika mpaka uani. Ndani mmoja wao alikuwa akiwasomea wengine waraka wangu, na alikuwa amefika kwenye mfupa. Aliusoma vizuri.

Nikarudi.

Faofi 5, baada ya jua kuzama

Vibanda vinajengwa juu ya mapaa yote. Matawi ya mitende yanapita barabarani yakiwa na miguu ya watu chini yake. Sambatia ameniuliza kama tujenge. Nilimwambia, tujengee nani?

Faofi 6, asubuhi

Ninakwenda kuutazama. Mtu akitaka kupinga kitabu, akisome kwanza. Hilo nililiandika mimi miaka kumi iliyopita, na lilikuwa kweli. Isitoshe, nadhiri ilisema *atakayekaa*. Nitasimama.

Faofi 7, baada ya jua kuzama

Wino huu si wangu. Nitaeleza.

Jana nilisimama ndani ya ukumbi wa wafumaji, nyuma kabisa, mgongo ukutani. Kulikuwa na watu wetu wengi, na Wayunani, na Theoni kinyozi ambaye alinipungia mkono kama tuko karamuni. Trifaina alikuwa mbele. Hakunigeukia.

Niliingia na hoja saba dhidi ya mchezo ule. Binti wa Yeftha aliigizwa na mfumaji mwembamba mwenye kongomeo kubwa shingoni, na nikahesabu hoja ya nane. Kisha akatoka mlangoni na matari kumlaki baba yake, na Yeftha akakishika kichwa chake kwa mikono miwili. Chini ya kinyago alikuwa Straton. Sauti niliijua, na kisigino pia. Kila mstari aliupigia sakafu, taratibu, kama alivyokuwa akifanya juu ya kichwa changu kiangazi chote. Hapo nikaelewa jambo. Maneno ya mwamuzi na kuhani aliyatunga kabla ya nadhiri yangu. Hakuyaandika kunidhihaki. Alikuwa akiyapima siku baada ya siku, na mimi nilikuwa chini yake nikigonga dari kwa fimbo anyamaze.

"Mlango wa makuhani uko wazi, Baba," alisema yule mwembamba, "na viatu umevaa."

Nilisogea mbele ili nisikie jibu. Nilisogea tena. Mama mmoja nyuma yangu akanivuta joho.

"Mzee, kaa chini. Unatuziba."

"Mimi nasimama, mama."

"Sisi nasi tunaona mgongo. Kaa au toka."

Hakukuwa na mlango upande ule. Au labda ulikuwepo. Mbele kulikuwa na nafasi kwenye benchi, pembeni mwa Trifaina, pana ya kumtosha mtu mmoja. Nilijua kabisa maana yake. *Yeyote wa nyumba yangu.* Hakuna mtu wa nyumba yangu zaidi yangu mimi. Nimeshinda mijadala mingi kwa kumnasa mtu kwenye kosa dogo kuliko hilo.

Nikakaa.

Trifaina alitazama magoti yangu yalivyokunjika, kisha akatazama jukwaani. Tulitazama mpaka msichana alipokufa. Alikufa vizuri, kongomeo na yote.

Nilirudi nyumbani jua likiwa limeinama. Nilisimama kizingitini. Sambatia alikuwa ameweka mkate, mizeituni na samaki, na maji mapya ya birika, baridi.

"Ingia, Baba Trifaina. Sikukuu inaingia."

"Siwezi. Chakula ni cha Sabataio."

Akaniangalia. "Na wewe ni nani?"

"Nimekaa, Sambatia. Nimekaa kuutazama."

Alifikiri, kisha akaweka mkono mdomoni, na nikaona mabega yanacheka. Nilivua viatu nikaviacha kizingitini, kwa kuwa ni vyangu. Nikaanza kuvua na joho. Hapo akaacha kucheka, akakimbia ndani, akaniletea joho la marehemu mumewe, mwashi, lenye viraka viwili na harufu ya chokaa. "Hili ni langu," alisema, "nakuazima. Nenda kabla hujavua kingine."

Nikapita mtaani miguu mitupu na joho la mwashi, mimi ninayejulikana kila kibaraza. Yule mnene wa samaki alikuwa mlangoni kwake akifunga matawi. Alifungua mdomo aniite, akaniona vizuri, akaufunga.

Wamejenga kibanda juu ya paa la nyumba waliyopanga. Ngazi ni ya miti, na goti langu lilinisema kila kipandio. Trifaina alikuwa anawasha taa. Straton alikuwa bado na alama ya kinyago kwenye mashavu.

"Sina mahali pa kula," nikasema. "Wala maji."

Nadhani walikuwa wanangoja hoja. Sikuwa nayo.

"Ile ndoo ya shaba," nikamwambia Straton, "ilikuwa birikani."

"Najua, baba mkwe. Niliidondosha mwenyewe. Niliogopa kukwambia."

"Ungeniambia."

"Ungeandika waraka," akasema Trifaina, na akanimiminia maji. Yalikuwa maji ya kununua, ya vuguvugu, yenye ladha ya ngozi ya mchukuzi. Nilikunywa kikombe chote, akajaza tena.

Usiku na mchana wa leo nimekaa hapa kibandani chini ya matawi. Tumekula. Nimemwambia Straton kwamba kiitikio cha pili ni kirefu na kwamba Mungu hazungumzi kwa mizani ile. Amebisha. Trifaina alimwambia mimi sijakosea, na akaniambia mimi sijapatia.

Jua lilipozama niliomba kipande cha mafunjo na kalamu, na hii ndiyo aliyonipa Straton, na wino wake, ambao ni mwepesi kama uji wa mgonjwa. Nimemwambia.

"Na Vibanda vikiisha, Baba?" Trifaina ameuliza sasa hivi, akikunja mkeka.

"Sitangoja viishe. Kesho nitakwenda kwa wazee watatu, niwaambie nimejuta. Wanaweza kuusoma waraka wangu mbele yangu kama wanataka."

"Kwa miguu hiyo mitupu?"

Straton amevua viatu vyake akavisukuma kwangu juu ya sakafu. Nimevijaribu. Vinanibana kidogo kwenye vidole, lakini vinatembea.